Barua kwa Zaituni: kazi za barabara zitafunguliwa lini?

Koboko, Uganda

Dada Zaituni, asalaam aleikum. Watoto hawajambo? Huku wazima, ila goti la mama bado linamsumbua.

Naandika mbio kwa sababu nimesikia umeingizwa kwenye kamati ya kazi za barabara za serikali hapo gombolola, yaani kata yenu. Tafadhali waulize: zitafunguliwa mwezi gani?

Juzi Hawa alikuja kunipalilia simsim. Akanieleza kwamba kule alikotoka kufanya leja leja, vile vibarua vya siku, mwenye shamba alimpimia kipande kwa fimbo ndefu kuliko ile waliyokubaliana, kisha akamwambia asipotaka aondoke, wengine wapo. Akalima. Angekataa, jioni angepika nini?

India walitunga sheria mwaka 2005: kila kaya ya kijijini ilipewa haki ya siku 100 za kazi kwa mwaka, na aliyeomba akakosa ndani ya siku 15 alistahili posho. Watafiti wakaona ujira wa vibarua umepanda hata kwenye mashamba ya watu binafsi, hasa kiangazi, na safari za kwenda mijini kutafuta vibarua vya msimu zikapungua. Mtu akiwa na pa kwenda, fimbo ile anaikataa.

Sisi tuna miradi. NUSAF, ule mfuko wa serikali wa kaskazini mwa Uganda, ilianza 2003, ikarudi awamu baada ya awamu, watu wakachimba, wakalipwa, ikaisha. Sasa Hawa atamtishia nani kwa mradi ulioisha? Hapo ndipo roho inaponiuma.

Wenye mashamba wenzangu wanalia kwamba serikali itawanyang'anya vibarua. Kazi zikiwekwa Julai wana haki ya kulia; hata shamba la Hawa mwenyewe litamezwa na magugu. Lakini Januari nani ana palizi? Januari vijana wanapanda basi kwenda kukata miwa Masindi, wake zao wanabaki na kazi yote. Mdogo wako si alirudi na kifua kile? Angepata kazi hapa hapa, angeenda?

Kwa hiyo kiangazi, dada. Desemba mpaka Machi. Wang'ang'anie hapo.

Na malipo yatatoka kila wiki, au watu watangoja miezi? Wenye watoto wachanga wataandikwa? Daftari la majina atalishika nani, mwenyekiti yule yule wa LC, baraza la mtaa? Kikao ni lini? Nijibu kabla hamjakaa, nimlete Hawa aseme mwenyewe.

Wasalaam,
Amina