Vumbi la safari ndani ya kamera: tusikimbilie kufuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijibu ushauri uliotolewa hivi karibuni katika ukurasa wa safari wa gazeti lako, ambao uliwaelekeza wasomaji wanaokwenda mbugani na kamera za kubadilisha lenzi kwamba, wakiona madoa kwenye picha zao, wafungue kamera, wapulize ndani kwa mdomo, na doa likigoma walifute kwa pamba iliyoloweshwa spiriti. Sina shaka na nia njema ya mwandishi, na maelezo yake kuhusu betri za akiba niliyasoma kwa furaha. Hata hivyo kamera ndiyo inayonilisha katika mbuga za kaskazini kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na ushauri wa namna hiyohiyo ndio ulioniharibia kamera yangu ya kwanza, kwa hiyo siwezi kuuacha upite kimya.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachochafuka. Nyuma ya lenzi kuna kibamba kinachopokea mwanga, ambacho mafundi wetu hukiita sensa, na msomaji asidhani nazungumzia ile ya kuhesabu watu. Katika kamera kubwa kibamba hicho kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, sawa na fremu ya filamu tulizokuwa tukipeleka studio kusafishwa. Enzi za filamu kila picha ilipata kipande chake kipya, na chembe iliyonasa kwenye picha ya tano ilisogea pamoja nayo ikaenda zake. Leo picha zote za safari hupigwa juu ya kibamba kimoja, na chembe iliyotua Jumatatu utaikuta palepale Ijumaa. La kutia moyo ni kwamba vumbi haliigusi sensa yenyewe, kwa sababu mbele yake kuna tabaka za kioo zinazochuja mwanga, na chembe hutua juu ya kioo hicho. Hicho ndicho tunachokisafisha na ndicho tunachokikwaruza, na kikishakwaruzwa hakuna dawa ya kupaka.

Makala ilieleza kwamba doa likionekana ni ishara kuwa kamera imejaa uchafu. Hapo ndipo watu wanapotiwa hofu bure, kwa sababu kuonekana kwa doa kunategemea tundu la lenzi, yaani uwazi unaopitisha mwanga, kuliko wingi wa vumbi. Tundu hilo hupimwa kwa namba za f, na namba ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Tuchukulie kwamba chembe imekaa milimita moja mbele ya sensa. Tundu likiwa wazi, kwa mfano f/2.8, mwanga huifikia chembe hiyo kutoka pembe nyingi, na kivuli chake hutawanyika na kufifia, kama kivuli cha mkono chini ya taa ndefu za darini. Tundu likibanwa hadi f/22, mwanga huja kana kwamba umetoka kwenye ncha moja, na kivuli hukaza kama cha mkono uliowekwa kati ya kibatari na ukuta. Kwa hesabu ya shuleni, milimita moja ukiigawanya kwa 22 unapata mtawanyiko wa milimita 0.045 hivi, na ukiigawanya kwa 2.8 unapata milimita 0.36, ambayo ni karibu mara nane. Kwa sababu hiyo anayepiga simba na ndege kwa f/4 au f/5.6 anaweza kumaliza siku kumi mbugani bila kujua kwamba sensa yake ni chafu, ilhali mwenzake aliyesimama ukingoni mwa Ngorongoro akapiga anga kwa f/16 huona vidoa vyeusi kila mahali kama mbu waliopondwa ukutani, na pengine kamera yake ndiyo safi zaidi.

Kwa hiyo mtu akiona madoa akiwa njiani, jambo la kwanza kugusa ni namba ya tundu, wala si mlango wa kamera. Picha nyingi za mandhari zinazopigwa kwa f/16 kwa mazoea zingetoka vizuri tu kwa f/8, na nusu ya madoa yangeondoka bila mtu kufungua chochote. Na iwapo ni kamera ya kioo cha kuakisia, yaani ile yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kidirisha cha kuchungulia, chembe unayoiona kwenye kidirisha hicho lakini huikuti kwenye picha haiko kwenye sensa kabisa, bali imekaa kwenye kioo hicho au kwenye kiwambo kilicho juu yake, na inaweza kukaa hapo mpaka siku utakayoiuza kamera bila kukudhuru.

Anayetaka kujua ukweli na asubiri jioni. Abane tundu hadi f/22, aweke ISO ya chini, yaani wepesi mdogo wa sensa kwa mwanga, aiondoe lenzi kwenye fokasi, apige ukuta mweupe huku akiitikisa kamera kidogo ili alama za ukuta zipotee na zile za sensa zibaki, kisha aikuze picha kwenye skrini na kuipitia polepole. Akumbuke pia kwamba lenzi huigeuza taswira juu chini: doa lililo juu kushoto kwenye picha liko chini kushoto unapoitazama sensa kwa mbele. Nimewahi kumwona kijana hodari akihangaika robo saa na pembe isiyo na kosa lolote.

Sasa nieleze yaliyonipata. Ilikuwa Agosti ya msimu wangu wa pili, na tulikuwa tumevuka lango la Naabi kuingia Serengeti. Wanaoijua njia ile wanajua kwamba lami hukuacha kwenye lango la Ngorongoro, na kuanzia hapo ni matuta madogomadogo yanayotikisa gari mpaka meno. Udongo wa nyanda zile umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu jirani, Ol Doinyo Lengai ikiwa mojawapo. Ni laini kama unga mkononi, lakini ndani yake mna punje zinazokwaruza. Paa la gari lilikuwa limeinuliwa, duma akatokea, nikabadilisha lenzi nikiwa nimesimama, na gari lingine likapita. Usiku kambini nikaona madoa matatu. Nikapuliza kwa mdomo, na matone ya mate yakaongezeka juu ya vumbi, yaani sasa nilikuwa na tope. Nikachukua ncha ya fulana, ileile niliyoshinda nayo juani kutwa nzima, nikafuta. Fundi mmoja wa Dar es Salaam alinionyesha kwa kioo cha kukuzia mistari mitatu myembamba kama kucha za paka, na gharama ya kubadilisha kioo kile ilizidi chote nilichokuwa nimelipwa kwa safari ile. Madoa yenyewe, niliyoyahangaikia usiku ule, niliyaondoa kwenye kompyuta kwa dakika mbili.

Pamba na spiriti ni hatari ileile kwa jina jingine. Pamba huacha nyuzi na kushika punje za mchanga, kisha huziburuta juu ya kioo. Spiriti ya dukani huwa na maji na vitu vingine vilivyochanganywa humo, na inapokauka huacha utando unaoonekana kuliko vumbi lililokuwapo. Makopo ya hewa ya kusafishia kompyuta, ambayo wengine huyapendekeza, hayana hewa tupu, bali gesi iliyosindikwa mpaka ikawa kimiminika. Likiinamishwa kidogo hutema kimiminika hicho kikiwa baridi ya barafu juu ya kioo. Na kuna madereva wetu wakarimu, Mungu awabariki, ambao wakisikia kamera ina vumbi hukupeleka kwenye pampu ya kujazia matairi. Upepo wa kompresa hubeba maji na mafuta, na mafuta kwenye sensa ni kesi ya fundi.

Kinachofaa kufanywa safarini ni kidogo na hakina mbwembwe. Kamera nyingi za leo zina mtikiso wa kujisafisha, teknolojia iliyoanza na Olympus E-1 mwaka 2003 na ikafika kwa Canon kupitia EOS 400D mwaka 2006. Uendeshe mara tatu nne kabla ya jambo jingine. Ukishindwa, chukua kipulizio cha mpira, kile kinachokamuliwa kwa mkono. Hakikisha betri imejaa, kwa sababu kwenye kamera ya kioo umeme ndio unaoshikilia kioo na shata, yaani pazia linalofunika sensa, visirudi mahali pake ukiwa katikati ya kazi. Chagua hali ya usafi kwenye menyu ya kamera, elekeza mdomo wa kamera chini ili kinachong'oka kianguke, puliza kutoka chini, na ncha ya kipulizio isiingie ndani zaidi ya pete ya kufungia lenzi. Kipulizio kipya kikamuliwe kwanza hewani mara nyingi, kwa kuwa baadhi huja na unga ndani. Vumbi kavu la mbugani, kwa uzoefu wangu, kwa kawaida huishia hapo.

Lisiloishia hapo ni lile lililonata: chumvi ya mawimbi uliyoibeba kutoka kwenye boti ya Zanzibar, chavua, au mafuta. Hilo liache. Najua ni neno gumu kwa mtu aliyelipia safari kwa akiba ya mwaka mzima, lakini liache mpaka ufike kwa fundi, au mpaka usiku ambao huna namna, pengine kwa sababu kesho una harusi ya ufukweni saa sita mchana na kazi yako haiwezi kufanyika kwa tundu wazi. Hapo tumia kijiti maalumu chenye upana sawa na kimo cha sensa, kilichofungwa kiwandani, na matone mawili au matatu ya kimiminika kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Fanya kazi chumbani, feni ikiwa imezimwa, mlango umefungwa, kamera imetulia juu ya meza; vuta mara moja kwenda upande mmoja, geuza upande wa pili wa kijiti, rudi mara moja, kisha kitupe. Anayekitumia mara ya pili kwa kubana matumizi atakutana na fundi wangu. Isome pia chupa kabla ya kupanda ndege, kwa sababu baadhi ya vimiminika hivyo ni methanoli, na methanoli hushika moto.

Kuhusu kinga, makala ilisema kweli kwamba ni bora kutobadilisha lenzi hovyo, na sina mengi ya kuongeza isipokuwa mambo ambayo barabara zetu hufundisha. Gari likisimama usifungue kamera papo hapo, maana lile wingu lililokuwa likikufuata nyuma bado linakuja, liache likupite. Funga vioo, zima kamera, ielekeze chini, na lenzi inayoingia iwe tayari mkononi. Kisha angalia mahali ambapo hakuna anayepaangalia, yaani kifuniko cha nyuma cha lenzi, kile kinachokaa mfukoni na makombo ya karanga. Ukikivisha kwenye lenzi vumbi lake hubaki pale, na lenzi ikirudi kwenye kamera huingia nalo ndani. Kwa wenye kamera mpya zisizo na kioo cha kuakisia, tahadhari hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa nyingi kati ya hizo huacha sensa wazi mara lenzi inapotoka, ingawa baadhi, kama Canon EOS R ya mwaka 2018, hushusha pazia la shata zikizimwa.

Wala si haki kumlaumu mwenye kamera kwa kila doa. Mwaka 2014 Nikon ilijitolea kuzikagua na kuzisafisha bila malipo kamera za D600 zilizokuwa zikitoa madoa mengi, na kubadilisha sehemu zinazohusika, ikiwamo shata, hata kwa waliokwisha kupitwa na muda wa dhamana. Mtu anayepuliza kila jioni na kukuta madoa mapya asubuhi, katika hali ya hewa tulivu, afikirie jambo hilo kabla ya kuilaumu Serengeti.

Kwa wale waliokwisha kurudi na madoa kwenye picha zao, nawasihi wasizifute. Kwa kuwa chembe hukaa mahali pamoja, programu za kuhariri picha huweza kuliondoa doa kwenye picha moja na kulirudia agizo hilo kwenye nyingine mia mbili za siku hiyo. Utakachohitaji ni kupitisha jicho tu, hasa pale doa linapoangukia uso wa mtu.

Ninachoomba kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba sentensi ile ya mdomo, pamba na spiriti isahihishwe gazetini kabla ya Juni, msimu wa kiangazi unapoanza na magari kujaa. Nasema hivi kwa sababu makala ile nimeikuta imekatwa na kubandikwa ukutani katika ofisi moja ya wasafirishaji watalii hapa mjini, juu ya birika la chai, na chini yake, kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza, mtu amekwisha kuweka bunda jipya la pamba.

Msomaji wako,
Mpiga picha wa mbugani,
Arusha.