Majaji vijana, sheria ikinyamaza mutoke kwenye kiti

Kwenu watoto wangu majaji muliotumwa hapa Goma,

Mimi sina diplome ya droit, ila nilikaa miaka kwenye tribinali ya amani kama notable, mmoja wa wale wazee wawili wanaoitwa kukaa na jaji kesi ikigusa desturi.

Siku itafika mutafungua kodi, kile kitabu cha sheria, mpaka vidole viume na jibu hakuna. Musichukue artikle ya mbali muivute kwa nguvu. Niliona jaji mmoja akimwambia mtu "sheria inasema" na haikusema, yule papa akaonyeshwa na avoka wake kwamba hayo maneno hayamo, tangu hapo hataki hata kupita mbele ya tribinali.

Ordonansi ya 14 Mei 1886, amri ya zamani ya Kongo, ilishasema: pasipo sheria, mukate kesi kwa desturi ya mahali, kanuni kuu za sheria na usawa. Sasa huo usawa njo kazi, juu kila mtu anakuja na wake mfukoni.

Volkano ya 17 Januari 2002 iliteremka mpaka ziwani, munajua. Jirani wawili wakabaki kugombania mita tatu za mawe. Mmoja na fishi ya parsele, ile karatasi ya kiwanja, mwingine fishi yake iliungua na nyumba, na borni zote, zile alama za mpaka, ziko chini ya mawe. Jaji wetu akafunga dosie akasema twende, tukaenda kwa miguu, akaomba kila mmoja atembee aonyeshe tu mlango ulikuwa wapi, choo wapi, mama alianika mihogo wapi. Bibi mmoja wa avenue ile akapiga fimbo juu ya jiwe: hapa chini kuna tangi tulikuwa tunachota maji sisi wote. Wakavunja mawe siku nne, tangi la simenti likaonekana, mita zikapimwa kutoka pale.

Kisha akaandika, na hapa nawaomba sana, maana Katiba artikle 21 inataka kila hukumu iwe na sababu zake. Aliandika wazi kwamba sheria haikumpa jibu, akaeleza alimwamini nani na kwa nini.

Aliyepoteza hakufanya apeli. Alikuja kwangu na kopi, akaniomba nimusomee tena ukurasa wa pili, pale palipoandikwa mahali mama yake alianika mihogo.