Kwa vijana wa doria: teja anayekwenda Kisauni asubuhi apite

Wanangu,

Assalaam aleykum. Simu zinaporwa, mita za maji zinang'olewa, mmechoka, nanyi mna haki. Lakini nasikia mnawarudisha kwa marungu hata mateja, watumiaji wa heroini, wanaopita asubuhi kwenda Kisauni, kliniki ya methadoni, dawa ya kuwatoa kwenye heroini. Hapo nawashika mkono niwazuie.

Unga, yaani heroini, ulioingia Mombasa miaka ya 80 ulikuwa wa kahawia, ukivutwa pamoja na bangi. Wengi wetu tuliona ni mambo ya vijana wa ufukweni na watalii wao. Mwishoni mwa miaka ya 90 ukaja mweupe, unaoyeyuka kwenye maji. Basi sindano ikaingia maskani, ikapita mkono hadi mkono, na Ukimwi na homa ya ini vikaifuata.

Sheria ya dawa za kulevya ilikuwa ishatungwa 1994, na adhabu wakati ule ilikuwa hadi miaka 20 kwa aliyekutwa na unga wa kutumia mwenyewe, maisha kwa mlanguzi. Tuliokuwa tukiwaona wakipandishwa karandinga ni wenye kete mbili, vipakiti vidogo vya unga, mfukoni. Baktash Akasha, mlanguzi mkubwa, alikamatwa papa hapa 2014, lakini kifungo chake cha miaka 25 kilitolewa New York, 2019. Jipimieni wenyewe.

Tiba ya methadoni ilianza Nairobi mwishoni mwa 2014, kisha ikaja Pwani. Wapo wanaosema ni kumpa mlevi ulevi mwingine kwa pesa ya serikali. Mimi sioni hivyo. Mgonjwa huinywa mbele ya mhudumu, kila siku, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haimshiki mpaka kesho yake. Asiye na arosto hana haraka ya kung'oa mita ya mtu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, huanzishwa upya kwa kipimo kidogo, na katikati hapo muuza unga anamngoja. Kwa hiyo kijana mnayemgeuza njiani mchana mtamkuta dirishani kwenu usiku.

Msidhani nadharau marufuku zote. Mwezi Mei 2024 gavana wetu alipiga marufuku muguka, aina ya miraa inayolimwa Embu, nami nilifurahi, kwa maana nimewaona watoto wa shule wakitafuna. Mahakama Kuu ya Embu ikaisimamisha muda si mrefu. Amri ya ghafla, wakulima upande mmoja na wazazi upande mwingine, na hakuna aliyekuwa amekaa nao pamoja kabla.

Mwizi mkimshika na kitu cha watu, mpelekeni kituoni akiwa mzima. Anayekwenda kliniki, mwacheni apite; mwenye nguvu miongoni mwenu na amsindikize.

Na ile nyumba ambayo bodaboda huingia na kutoka usiku kucha, nyote mnaijua. Mbona doria haifiki kule? Ijumaa baada ya swala nitakuwa barazani. Njooni tukubaliane nani ataongozana nami kwa chifu, maana peke yangu nimeshakwenda.

Mzee wenu