Kuhusu neno "pliable"

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza kama "pliable" na "flexible" ni kitu kimoja, maana kamusi yako imeyaweka pamoja. Hapana, na ukiyachanganya kwenye barua ya kumwombea mtu kazi utamharibia.

"Pliable" asili yake ni kitenzi cha Kifaransa "plier", yaani kukunja. Hutamkwa "plaiabo", mkazo mwanzoni. Kwanza husemwa juu ya kitu ambacho mkono unakipinda nacho kinakubali bila kukatika. Chukua ukindu: ukiusuka mkavu unapasuka pale unapoukunja, ukiulowesha maji unatii vidole. Huo uliolowa ndio "pliable". Vivyo hivyo udongo wa mfinyanzi. Neno halidai kitu kirudi kilivyokuwa. Waya wa shaba ukiupinda hubaki hapo hapo, nao ni "pliable". Mpira wa manati, unaovutika na kurudi, ni "elastic". Na sifa ya kuwa "pliable" huweza kwisha: pinda ule waya wa shaba na kuukunjua mara nyingi mahali pamoja, utakakamaa kisha ukatike. Ukiupasha moto mpaka uwe mwekundu kabla haujakatika, unalainika tena.

Balaa liko kwa watu. Mfanyakazi "flexible" anasifiwa: zamu ikibadilika, anaimudu. Akiitwa "pliable", msomaji anaelewa kwamba anaburuzwa. "A pliable witness" ni shahidi anayepangiwa la kusema akalisema. Ila akili ya mtoto ikiitwa "pliable" si tusi. Maana yake bado inafinyangika. Saa za kazi ni "flexible hours" tu, usiweke jingine.

"Supple" lina uzima ndani yake: viungo vya mcheza sarakasi, ngozi iliyopakwa mafuta vizuri. "Malleable" limetoka kwenye nyundo ya Kilatini, kwa hiyo asili yake ni metali inayofuliwa. Risasi, ile metali, ni "malleable" sana, hupondeka ikawa bamba, lakini ukiivuta iwe uzi haiendi mbali.

Katika tafsiri yako usitafute neno moja la kukaa kila mahali penye "pliable". Ngozi iandike "laini, inayokunjika bila kupasuka", waya "unaopindika kwa urahisi", mtu "anayeyumbishwa". "Nyumbufu" liachie "flexible".

Zile sentensi za viatu unazotafsiri nitumie zikiwa nzima, na aya zake, maana kipande kimoja hakionyeshi kama mwandishi anasifu ngozi au anailalamikia.

Wako,
Mwanaidi