Slioch kwa siku moja: kwa nini saa ya kugeuka hupangwa kabla ya yote

Wateja wetu wengi ni Watanzania na Wakenya wanaoishi Uingereza, na baadhi yao wamekwisha kufika Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro au Point Lenana ya Mlima Kenya kabla ya kuhamia huku. Wanaposoma kwamba Slioch, mlima ulio juu ya ziwa Loch Maree kaskazini-magharibi mwa Uskoti, una urefu wa mita 981 tu, hutuuliza kwa nini tumeuweka kwenye kundi la safari ngumu. Swali la pili huja baadaye, mara nyingi likiwa na malalamiko ndani yake: kwa nini tunaweza kuahirisha safari Ijumaa jioni ilhali jua linawaka katika mji wa Inverness? Maswali haya mawili yana jibu moja, nalo ni muda. Tungependa kila anayelipia nafasi yake aelewe jinsi tunavyouhesabu, kwa sababu mpango wa siku nzima umejengwa juu ya hesabu hiyo.

Kilimanjaro una mita 5,895, lakini mpandaji hupewa siku kadhaa, wapagazi, mpishi, kambi na njia iliyokanyagwa na maelfu ya watu, na adui wake mkubwa ni hewa nyembamba. Slioch hauna tatizo la hewa. Safari inaanzia Incheril, kando ya kijiji cha Kinlochewe, makumi machache tu ya mita juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo karibu urefu wote wa mlima unaupanda kwa miguu yako siku hiyo hiyo, ukiwa na mzigo wako mgongoni, na kabla ya giza unatakiwa uwe umerudi pale pale ulipoanzia. Mzunguko mzima ni takriban kilomita 19, na ukijumlisha mapando yote, pamoja na yale madogo ya njiani, unapata mita 1,160 hivi. Huko juu hakuna kibanda cha kujikinga mvua wala mahali pa kununua maji, na kwa sehemu kubwa ya safari simu haina mtandao wa kutegemewa.

Tuanze na njia yenyewe, maana anayeijua njia huelewa kwa urahisi hesabu inayofuata. Kutoka Incheril tunafuata mto hadi mwanzo wa Loch Maree, kisha kando ya ziwa hadi kwenye daraja la mto Abhainn an Fhasaigh. Hizo ni karibu kilomita 5 za ardhi tambarare, na ni sehemu inayodanganya, kwa kuwa miguu bado ina nguvu, ziwa linapendeza, na kila mtu anaamini kwamba siku itakuwa nyepesi. Ukitazama juu kutoka ziwani unaona magenge ya mawe mchanga yaliyosimama wima kama kuta za ngome, na wageni wengi hudhani tutapita pale. Sisi tunauzunguka mlima na kuupanda kwa upande wa nyuma. Mara tu baada ya daraja tunaingia bonde la Gleann Bianasdail, na umbali mfupi ndani ya bonde hilo njia inagawanyika kuwa mbili.

Hapo ndipo tunasimama na kuwaonyesha wateja ramani, kila safari, hata kama kundi lote lina uzoefu. Njia pana, iliyo wazi na inayovutia macho, inaendelea moja kwa moja bondeni hadi ziwa jingine liitwalo Lochan Fada. Njia yetu ni ile nyembamba inayokata kushoto na kupanda kuelekea pengo lililo kati ya vilima viwili, Sgurr Dubh na Meall Each. Mtu anayetembea huku akizungumza hupita njia panda hiyo bila kuiona, na anapogundua amekwisha kupoteza muda ambao hatauona tena siku hiyo. Baada ya pengo, ardhi inafunguka na kuwa bonde la juu lenye umbo la bakuli, limejaa mboji iliyolowa maji, na njia inafifia kiasi kwamba macho na dira vinapaswa kufanya kazi pamoja. Kutoka hapo tunapanda mgongo wa mlima, tunapita viziwa viwili vidogo, kisha tunaukabili mpando wa mwisho hadi kwenye nguzo ya wapima ramani. Kilele halisi, chenye mita 981, kiko umbali mfupi kaskazini mwa nguzo hiyo, na tofauti ya urefu kati ya sehemu hizo mbili ni ndogo mno kuonekana kwa jicho, kwa hiyo tunazifikia zote mbili ili asiwepo atakayerudi nyumbani na shaka.

Sasa hesabu. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo watembea milimani wanaitumia hadi leo: kilomita 5 kwa saa moja, na saa moja ya ziada kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 19 zinatupa muda wa saa 3 na dakika 48. Mita 1,160 zinaongeza saa moja na dakika 56. Jumla ni saa 5 na dakika 44. Wateja wakiona tarakimu hiyo hufurahi, lakini tunawaomba wasubiri, kwa kuwa kanuni ya Naismith inamhusu mtu mwenye afya njema, anayetembea bila kusimama, juu ya ardhi isiyomzamisha mguu. Haihesabu mboji iliyolowa, mawe yanayoteleza chini ya kilele, chakula cha mchana, kamba ya kiatu iliyolegea, picha, wala magoti yanayolalamika wakati wa kushuka. Kwa hiyo kundi letu la kawaida tunalipangia saa 8 hadi 9, na tunatenga saa moja nyingine ambayo hatumwahidi mtu yeyote kuitumia.

Saa zote zinazofuata ni za Kiswahili. Saa 2:00 asubuhi ni 8:00 kwenye simu yako. Tukiondoka Incheril saa 2:00 asubuhi, tunatarajia kuwa darajani kati ya saa 3:15 na 3:30, na kileleni kati ya saa 6:30 na 7:00 mchana. Saa ya kugeuka ni saa 8:00 mchana. Ikifika saa hiyo, mahali popote tulipo, hata kama nguzo ya wapima ramani inaonekana mbele yetu, tunageuka na kushuka. Saa hiyo inaandikwa kwenye karatasi ya safari kabla ya siku yenyewe, na kila mteja anaisoma na kuikubali akiwa nyumbani, ameketi, hana baridi wala uchovu. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu akili ya mtu aliyechoka, aliye mita 150 chini ya kilele na aliyesafiri kutoka Birmingham au Leicester kwa ajili ya siku moja, haiwezi kufanya uamuzi huo kwa haki. Atasema bado kidogo. Wenzake watanyamaza ili wasimvunje moyo, na kundi zima litashuka kwenye mawe yaliyolowa huku mwanga ukiisha. Anayetufahamu anajua kwamba hatujadiliani kuhusu saa ya kugeuka tukiwa mlimani, na kwa maoni yetu hii ndiyo huduma muhimu kuliko zote anazolipia.

Mwanga wenyewe hubadilika sana kwa mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Kinlochewe, mwishoni mwa Juni, kuna karibu saa 18 kati ya macheo na machweo. Mwishoni mwa Desemba zinabaki saa sita na nusu hivi, na jua linazama kabla ya saa 10:00 alasiri. Ndiyo maana Slioch tunaupanga kati ya Mei na Septemba pekee. Wakati wa majira ya baridi mlima huu unahitaji shoka la barafu, meno ya chuma ya kufunga viatuni na mafunzo ya kuvitumia, na hiyo ni kazi ya aina nyingine kabisa. Hata hivyo tochi ya kichwani yenye betri mpya inabebwa na kila mtu hata mwezi Juni.

Turudi kwenye lile swali la Ijumaa jioni. Hali ya hewa ya Inverness haikuelezi habari za Slioch, kwani mji huo uko pwani ya mashariki, umekingwa na milima, wakati Slioch unapokea moja kwa moja hewa yenye unyevu kutoka Atlantiki. Sisi tunasoma utabiri wa milimani unaotolewa na Mountain Weather Information Service pamoja na ule wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na tunasoma sehemu ya kaskazini-magharibi peke yake. Tunatazama kwanza kasi ya upepo kileleni, kisha uwezekano wa vilele kuwa wazi bila mawingu, kisha mvua, na joto tunalitazama mwisho. Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 au 7 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo nyuzi 14 za kijijini zinaweza kuwa nyuzi 8 kileleni, na upepo wa kilomita 60 kwa saa huifanya ngozi ihisi baridi iliyo karibu na kuganda. Utabiri ukionyesha upepo wa kilomita 65 kwa saa au zaidi juu ya mlima, hatupandi Slioch. Upepo ukiwa wa wastani lakini wenye misukumo mikali ya ghafla, tunafika kileleni na kurudi kwa njia tuliyopandia, bila kufuata mgongo unaoelekea mashariki hadi Sgurr an Tuill Bhain wenye mita 934, ingawa tunakiri kwamba mgongo huo ndio sehemu nzuri kuliko zote siku ikiwa tulivu.

Kuahirisha hakumaanishi kwamba umesafiri bure. Ng'ambo ya ziwa kuna hifadhi ya Beinn Eighe, iliyotangazwa mwaka 1951 na iliyo hifadhi ya taifa ya mazingira ya kwanza kabisa nchini Uingereza, ambako tunaweza kutembea chini ya misonobari ya asili huku mvua ikinyesha bila hatari yoyote, na tarehe mpya ya Slioch inapangwa bila malipo ya ziada.

Kuhusu ramani, tunawaomba wateja wasitegemee simu pekee. Tunatumia ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya kipimo cha 1:25,000, ambamo sentimita 4 ni kilomita moja na mistari ya kontua, inayounganisha mahali penye urefu sawa, imetengana kwa mita 10 za kimo. Ukiweka kidole kwenye magenge yaliyo upande wa ziwa utaona mistari hiyo imebanana hadi karatasi inakuwa ya kahawia. Ndipo unapoelewa kwa nini, katika ukungu, hatua chache za kuelekea upande usiofaa kutoka kileleni zina uzito kuliko makosa yote ya asubuhi. Kabla ya kuondoka kila kundi hujifunza kuelekeza dira kwa mpando na mshuko wa mwisho. Dira hiyo hiyo huwasaidia wateja wetu Waislamu, kwani kibla kutoka hapa kiko kusini-mashariki, na mapumziko ya mchana tunayapanga mahali penye ardhi kavu ili anayetaka kuswali apate nafasi bila kuharakishwa.

Vifaa vingine havihitaji maneno mengi: buti zinazoshika kifundo cha mguu, koti na suruali visivyopitisha maji, sweta la ziada, kofia, glavu, lita mbili za maji, na chakula unachokipenda kweli, kwa sababu mtu mwenye baridi hali kitu asichokizoea; chapati, tende, karanga na chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai hufanya kazi nzuri kuliko vyakula vya bei kubwa vya dukani. Jinzi hatuziruhusu, kwani zikilowa hazikauki na hulivuta joto kutoka mwilini. Wakati wa kiangazi, jioni isiyo na upepo huleta makundi makubwa ya usubi, kwa hiyo beba chandarua cha kichwani, na ukifika nyumbani jikague mwili mzima, maana kupe wa kwenye majani marefu wanaweza kuambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme na wanapaswa kuondolewa mapema.

Dharura ikitokea, namba ni 999 au 112; unaomba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi malipo. Sajili simu yako mapema ili iweze kutuma ujumbe mfupi kwa 999, kwa sababu ujumbe unaweza kupenya mahali ambapo sauti haipiti. Filimbi hupulizwa mara sita kwa dakika, halafu unanyamaza dakika moja na kurudia.

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kupita milimani mradi atembee kwa uwajibikaji. Kati ya Agosti na Oktoba, hata hivyo, mashamba makubwa hufanya uwindaji wa kulungu, na sisi huwasiliana na wahusika kabla ya kuthibitisha tarehe na njia.

Unapoomba nafasi, tuandikie umbali mrefu zaidi uliotembea kwa siku moja katika miezi mitatu iliyopita, dawa unazotumia, hali ya magoti yako, na mtu wa kuarifiwa iwapo tutachelewa kurudi. Karatasi ya safari, yenye njia na saa ya kugeuka, utaipata Jumatano. Uamuzi wa mwisho tunautuma Ijumaa jioni baada ya kusoma utabiri mpya. Inverness hadi Incheril ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, kwa hiyo anayetaka kuondoka nasi saa 2:00 asubuhi anapaswa kulala Kinlochewe au karibu yake, na vyumba vya Julai na Agosti huisha mapema.