Hatari ya mgonjwa wa mpira iko kwenye chupa ya uji

Mhariri,

Wagonjwa wengi wa kiharusi na wa saratani ya umio huruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa na mpira wa kulishia puani. Familia hukabidhiwa bomba moja la sindano la mililita 60, huelezwa mawili matatu wakati wa kutoka wodini, basi. Huko nyumbani macho yote huwa kwenye mpira usichomoke. Ni sawa, lakini vijidudu vinavyomharisha mgonjwa huyu mara nyingi hutoka jikoni.

Tuanze na chupa ya chai. Uji unaopikwa alfajiri na kuhifadhiwa humo hadi jioni haubaki wa moto. Hupoa polepole mpaka uvuguvugu, hali ambayo bakteria huipenda kuliko zote, na wako ambao mbegu zao hustahimili hata kuchemshwa kwa nafaka. Mtu mwingine angeonja akasema uji umechacha. Huyu hana nafasi hiyo, kwa sababu chakula hakipiti mdomoni. Uji uliosagwa usikae nje zaidi ya muda wa saa 2. Mwenye friji auweke humo mara unapopoa, autumie ndani ya saa 24, na kila fungu alichemshe upya kabla ya kulipoza na kumpa mgonjwa. Asiye na friji apike kidogo kidogo: afadhali kutunza unga kuliko kutunza uji. Kilichobaki kwenye kikombe baada ya mlo kimwagwe.

Blenda nayo ina maficho yake. Fungua kitako chenye visu, toa ule mpira wa duara unaozuia kuvuja, na mara nyingi utakuta utando wa chakula cha jana. Usuguliwe kwa brashi na sabuni kila baada ya kusaga.

Bomba la sindano lioshwe mara tu mlo unapokwisha. Chomoa kisukumio chote. Mafuta ya karanga na maziwa hujibana nyuma ya mpira mweusi wa kichwani. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi ya chupa za watoto, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Sehemu mbili zikauke zikiwa zimeachana, juu ya chujio safi lililofunikwa kitambaa chepesi. Kulifuta kwa taulo la jikoni ni kulichafua upya, na kuliunganisha likiwa bichi ni kufungia unyevu ndani. Kisukumio kikianza kukwama, au namba zikifutika, nunua jingine.

Mpira wenyewe huziba kwa sababu mbili kubwa: uji mzito na dawa. Uji wa unga wa lishe wenye karanga upitishwe kwenye chujio la chai. Kuuongeza maji tu ni kumpunguzia mgonjwa nguvu. Kimea cha ulezi kidogo huulainisha bila hasara hiyo, mradi uchemshwe tena baada ya kukitia. Kabla na baada ya kila mlo, mtu mzima apitishiwe mililita 30 za maji yaliyochemshwa na kupozwa. Watoto wana kipimo chao, kinachotolewa na daktari. Ukiziba, jaribu maji ya uvuguvugu kwa bomba lile lile kubwa, ukisukuma na kuvuta taratibu. Bomba dogo la mililita 2 au 5 lina shinikizo kubwa, linaweza kupasua mpira. Soda huwa inapendekezwa sana mitaani, ilhali asidi yake hugandisha maziwa yaliyomo. Waya usithubutu.

Dawa zisagwe moja moja hadi ziwe vumbi, zisichanganywe na uji, na kati ya moja na nyingine ipite mililita 10 za maji. Hapa kuna hatari tunayoikuta kwa wagonjwa wa kiharusi: vidonge vya presha vya kufanya kazi polepole, kama baadhi ya vile vya nifedipine. Kikisagwa, dozi iliyokusudiwa kutoka kidogo kidogo humwingia yote kwa mkupuo, na presha inaweza kuporomoka. Mwombeni mfamasia aina nyingine.

Kila mara kabla ya kulisha, kagueni alama ya kalamu iliyo pale mpira unapoingia puani. Ikiwa imesogea, msilishe wala msiurudishe ndani, rudini hospitali. Kupuliza hewa na kusikiliza tumboni hakuthibitishi kitu, ingawa bado watu wanafundishwa hivyo. Mgonjwa akae ameinuliwa nyuzi 30 hadi 45 wakati wa mlo, abaki hivyo kwa dakika 60 baadaye. Akikohoa au akihema kwa shida, acheni papo hapo.

Ombi letu kwa wodi ni hili: ndugu asiruhusiwe kuondoka na mgonjwa kabla hajafungua bomba, kuliosha na kulisha mlo mmoja kwa mikono yake mbele ya muuguzi. Na apewe bomba la pili, ili la kwanza lipate muda wa kukauka.

Wauguzi wa huduma za majumbani,
Dar es Salaam