Risala ya Wakufunzi wa Simuleta kwa Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Marubani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkurugenzi Mtendaji wa shirika letu. Mkuu wa Idara ya Mafunzo. Marubani wahitimu na familia zenu. Mabibi na mabwana:

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Wengi waliomo ukumbini humu wanawafahamu marubani, ila hawajawahi kuona wanakopikwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, simuleta ni chumba kamili cha marubani kilichobebwa na miguu sita ya mitambo, inayokitikisa na kukiinamisha kama ndege inavyofanya angani. Mkufunzi huketi nyuma ya marubani wawili, na skrini yake pembeni. Ndege inaposhika kasi kwenye njia ya kurukia, anabonyeza mara moja tu, injini moja inazimika na pua inavutwa upande. Hapo macho yetu huwa kwenye mguu wa rubani: amekanyaga pedali ipi, na kwa nguvu kiasi gani? Akiwa ameshapita kasi ya uamuzi hasimami tena; lazima apae na injini iliyobaki. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayefundisha jambo hilo akiwa na abiria.

Katika simuleta za Ngazi D, ambayo ndiyo ya juu kabisa, rubani mzoefu anaweza kufuzu aina mpya ya ndege bila kuirusha yenyewe. Siku anapoirusha kwa mara ya kwanza, akiwa chini ya uangalizi wa rubani mkufunzi, abiria wameshaketi nyuma yake. Mzigo huo tunaujua, na tunaubeba kwa moyo.

Ombi letu kubwa, Mheshimiwa, ni muda wa kujifunza usio na mtihani. Marubani wanaporudi kwetu kila baada ya miezi sita, sehemu kubwa ya saa zao huishia kwenye kupimwa, na anayepimwa hasemi kinachomtia hofu. Mwaka 1985, ndege ya Japan Airlines, safari namba 123, ilianguka baada ya kupoteza haidroli zote, yaani mifumo ya majimaji yenye shinikizo inayoendesha vidhibiti vya ndege. Dennis Fitch, mkufunzi wa ndege za DC-10 katika shirika la ndege la United la Marekani, alijaribu hali kama hiyo ndani ya simuleta, akiongoza ndege kwa nguvu za injini peke yake. Hakuna aliyemtuma. Tarehe 19 Julai 1989 alikuwa abiria katika safari namba 232 ya shirika hilo, haidroli zikapotea kweli. Aliingia kumsaidia Kapteni Al Haynes na wenzake, akashika vishikio vya nguvu za injini hadi Sioux City, Marekani. Ndege ilivunjika ilipotua, na watu 112 walifariki, lakini kati ya 296 waliokuwemo, 184 walinusurika.

Tunaomba basi kila rubani apewe walau kipindi kimoja kwa mwaka cha kujaribu, kukosea na kuuliza, bila alama kuandikwa popote. Tunaomba pia kikao cha tathmini baada ya zoezi kisikatwe kwa sababu kundi linalofuata linasubiri mlangoni. Maswali mazito huja mashine ikishazimwa. Na sisi wakufunzi tuendelee kupangiwa safari za kawaida, tusije tukafundisha ndege tuliyoisahau.

Wahitimu, hongereni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, Wakufunzi wa Simuleta.